Shuka Mbichi Hazimo Daftarini

Bega la Winchi lilitoka siku ya Jumanne, saa nne asubuhi, mbele ya mashine ya kufulia namba tatu, na mashahidi walikuwa wanawake wanne na shuka arobaini. Tuliseme hili mapema, kwa sababu baadaye kila mtu atalisimulia kivyake, na wengi wao hawakuwapo.

Jina la Winchi alipewa na wenzake wa chumba cha kufulia cha hospitali, mwaka ule toroli la shuka lilipotumbukiza gurudumu kwenye mtaro. Wanaume wawili walikuwa wamesimama wakijadili namna ya kulitoa, na yeye akalitoa wakiwa bado kwenye utangulizi. Ana miaka arobaini na tisa, watoto wawili waliokwisha kuhama nyumbani, mume kinyozi, na mabega ambayo fundi cherehani huyapima mara mbili akidhani futi imemdanganya. Mara tatu kwa wiki, akitoka kazini, alikuwa akipitia uani kwa Fundi Zege, mwashi ambaye nyuma ya nyumba yake ametengeneza vyuma vya mazoezi kwa kumimina saruji kwenye makopo ya rangi na kuyaunganisha kwa mabomba. Huko Winchi alikuwa ananyanyua kilo arobaini mpaka juu ya kichwa. Hakuwa na mashindano ya kwenda wala picha ya kupiga. Alipenda tu kile kitambo kifupi ambacho chuma kiko juu, mikono imenyooka, na hakuna binadamu anayeweza kumtuma kitu.

Sasa, mashine namba tatu ina tabia ya kusokota shuka zote zikawa kamba moja nene kama mkonga wa tembo, na kamba hiyo lazima mtu aingize mkono aivute. Wakati unavuta, pipa la mashine linatakiwa litulie. Linatulizwa na breki. Breki hiyo ilikuwa imeripotiwa mbovu mara tatu, na mara zote tatu msimamizi wa kitengo alizigonga ripoti muhuri wa IMEPOKELEWA, jambo ambalo breki haikulizingatia. Jumanne hiyo Winchi akaingiza mkono wa kulia, akavuta, na pipa likageuka robo mzunguko likirudi lilikotoka. Shuka zilikwenda na pipa, mkono ukaenda na shuka, na bega likaamua kubaki katikati.

Akasukumwa hadi chumba cha majeruhi juu ya toroli la shuka chafu, kwa kuwa toroli la shuka safi haliruhusiwi kubeba wagonjwa. Daktari akaushika mkono, akauvuta polepole, akauzungusha, na bega likarudi kwa kishindo kidogo, kama droo iliyokwama ikikubali yaishe. Mkono ukafungwa kifuani wiki tatu. Kwa wiki tatu hizo kinyozi alimfunga mkewe vifungo, akamchana nywele, akampikia vitu ambavyo havikuwa na jina, na kwa yote hayo mkewe alimshukuru. Alikuwa hajajua bado.

Alijua wiki ya sita, aliporudi kazini na kuitwa ofisini kwa msimamizi, bwana mmoja mwenye funguo nyingi kiunoni ambaye wanawake wa kitengo wanamwita Muhuri, si mbele yake.

"Pole sana, mama," alisema Muhuri. "Ila na wewe, kwa umri huu, vyuma vya nini?"

"Vyuma gani?"

Muhuri akaigeuza fomu ya ajali ili Winchi aisome. Ilisema: ameteguka bega la kulia akinyanyua vyuma vya kilo themanini, nje ya saa za kazi.

Winchi akaisoma, akarudia, akahisi masikio yanapata moto. "Nani kaandika haya?"

"Karani. Ana habari za uhakika."

"Mimi nilianguka pale chini, hatua kumi kutoka mlango wako. Wewe mwenyewe ulitoka ukauliza kelele za nini."

"Niliuliza, kweli," alisema Muhuri. "Lakini sikujibiwa kwa maandishi."

Kisha akamsogezea karatasi nyingine, hii safi, imechapwa upande mmoja. Hati ya ahadi. Mimi, mtumishi wa kitengo cha kufulia, naahidi kuacha mara moja na kabisa kunyanyua vitu vizito. Chini yake palikuwa na mstari wa sahihi, na pembeni muhuri ulikwisha kugongwa tayari, kuokoa muda.

"Ukiweka sahihi unarudi kwenye mashine," alisema Muhuri. "Usipoweka, utakaa meza ya vifungo. Ni kwa usalama wako."

"Vitu vizito vya wapi?"

"Vya huko mnakokwenda."

"Na vya hapa?"

"Vya hapa si vizito, mama. Vya hapa ni kazi."

Winchi akaikunja ile karatasi mara nne, akaitia kwenye mkoba, akaenda meza ya vifungo. Meza ya vifungo iko nyuma kabisa, dirishani, na hapo hushonwa vifungo vya magauni ya wagonjwa. Ni mahali wanapopelekwa wajawazito, wanaokaribia kustaafu, na wenye makosa. Mwanamke aliyefua shuka za hospitali nzima miaka kumi na saba akakaa kwenye stuli akitafuta tundu la sindano, huku mashine namba tatu ikinguruma nyuma yake kama mtu anayemsema.

Karani ananyolewa wapi? Swali hilo lilimjia kwenye kifungo cha tisa, na jibu likamjia kwenye cha kumi, akajidunga kidole.

Jioni aliingia kwenye kibanda cha kinyozi mkono mmoja kiunoni. Mkono wa pili ulikuwa haujaruhusiwa bado kufika kiunoni. Kulikuwa na mteja kwenye kiti, povu hadi masikioni.

"Mume wangu," alisema, "bega langu lilitokea wapi?"

Kinyozi alimtazama mkewe kupitia kioo, na wembe ukasimama. "Karibu, mke wangu. Umerudi mapema."

"Nimekuuliza."

"Ngoja nimalize huyu."

"Huyu naye umemwambia?"

Mteja akasema kutoka ndani ya povu, "Kilo themanini, mama. Sisi wote tumekuvulia kofia."

Kinyozi akaweka wembe chini. "Sasa ningesema nini? Niseme mke wangu, yule Winchi, katolewa bega na shuka? Shuka, kitu cha kulalia? Watu wangecheka."

"Kwa hiyo ukasema themanini."

"Nilianza na sitini," alisema kinyozi kwa sauti ya chini. "Siku ile kulikuwa na foleni."

"Sijawahi kunyanyua hata hamsini."

"Ndiyo maana nilijisikia fahari."

Hapo Winchi alimpa za uso, na ingawa nia yetu ni kusema kweli tupu, baadhi yazo hatutaziandika. Zilizobaki zilikuwa hizi: kwamba chumvi aliyoitia yeye kwenye kiti hiki sasa imegongwa muhuri kule juu, kwamba mashine iliyomtegua bega inaitwa salama na saruji ya Fundi Zege iliyompa mabega inaitwa hatari, na kwamba kila kichwa kilichonyolewa kwa uongo kitarudi kikinyolewa kwa ukweli, kimoja kimoja, hata kama hakina nywele.

"Hawataipenda hadithi ya shuka," alisema kinyozi.

"Waipende wasiipende, wataisikia."

Tangu siku hiyo Winchi akaanza upya, na tusidanganyane, kuanza upya kulimtia hasira kuliko fomu. Mtaalamu wa viungo alikuwa binti mwenye sauti ndogo na msimamo wa ukuta. Siku ya kwanza alimpa ufagio.

"Nifagie wapi?" aliuliza Winchi.

"Hufagii, mama. Unaunyanyua. Mikono miwili, mpaka usawa wa kifua, halafu unashusha."

"Mwanangu, mimi nanyanyua arobaini."

"Ulikuwa," alisema binti, bila ubaya wowote, jambo lililofanya iume zaidi. "Sasa hivi misuli inayoshika bega imelala. Tukiiamsha kwa fujo, bega litatoka tena, na likizoea kutoka litakuwa linatoka hata ukipunga mkono kwaheri. Kila siku uandike umenyanyua nini. Karatasi moja, usije na vipande. Na juu ya kichwa usipandishe kitu chochote mpaka niseme."

Karatasi pekee iliyokuwa mkobani ilikuwa hati ya ahadi. Winchi akaikunjua, akaigeuza, akaona nyuma yake nyeupe isiyo na doa. Akaandika: Ufagio.

Wiki iliyofuata aliandika: ufagio na chupa ya maji. Kisha kilo mbili. Kisha mbili tena. Kisha mbili, kwa hasira, mpaka kalamu ikatoboa ikatokea upande wa ahadi.

Uani kwa Fundi Zege hawakumhurumia, na hilo lilimsaidia. Walikuwapo wabeba magunia wawili na mlinzi mmoja wa benki, watu wa maneno.

"Shemeji kaja na kikopo cha rangi au cha maziwa?" alisema mlinzi.

"Endelea kucheka," alisema Winchi. "Ukicheka tumbo linakaza, na lako linahitaji."

Fundi Zege mwenyewe, mzee mfupi mwenye vumbi la saruji kwenye nyusi mwaka mzima, alimtengenezea makopo mapya kwa ajili ya hiyo safari ya kuanzia chini: la kilo tatu, la nne, la tano. Akayapaka namba kwa rangi nyekundu. "Dada, chuma chako cha arobaini nimekigeuzia ukutani," alisema. "Kilikuwa kinakuulizia."

Lakini kulikuwa na jambo ambalo Winchi hakumwambia mtu. Mkono ulipofika mahali fulani, umeinuka kidogo na kwenda nyuma, kama mtu anayetaka kurusha jiwe, mwili mzima ulikataa. Hayakuwa maumivu. Ilikuwa kama kusimama mlangoni mwa nyumba yako na kuhisi kuna mtu ndani. Jasho lilimtoka mgongoni na mkono ukashuka wenyewe. Yeye aliyekuwa akiingiza mkono kwenye tumbo la mashine bila kutazama, sasa aliogopa kufikia kitasa cha kabati. Na kila ilipotokea hivyo alikumbuka maneno "nje ya saa za kazi", na hofu ikageuka kuwa ghadhabu, na akanyanyua tena lile kopo la kilo nne, safari kumi, akihesabu huku amekaza meno.

Mwezi wa nne, mwezi wa tano. Karatasi ikajaa nusu. Kilo nane, kumi, kumi na mbili. Mkono ulipita pale mahali pa kukataa mara moja, bahati nasibu, kisha mara mbili, kisha hakuona tena alipopitia. Kilo kumi na saba kutoka sakafuni hadi kifuani. Binti akampapasa bega, akalisukuma huku na huku, akasema, "Wiki ijayo mikono miwili tutajaribu juu. Wiki hii kikomo chako ni ishirini, kifuani tu. Ishirini na moja, mimi na wewe hatujuani."

Wiki hiyohiyo Muhuri akaja meza ya vifungo na daftari kubwa kwapani.

"Mama, leo Jumatano. Ijumaa napeleka orodha ya vituo vya kazi. Bila ile hati, nakuandika vifungo, moja kwa moja."

"Moja kwa moja mpaka lini?"

"Mpaka kustaafu."

"Niache vyuma vilivyoniponya, nirudi kwenye mashine iliyoniumiza."

"Usikuze mambo," alisema Muhuri, akafungua daftari na kumwonyesha kwa kidole. "Angalia hapa. Mfuko mmoja wa shuka ni kilo kumi na mbili. Jana kumi na mbili, juzi kumi na mbili, miaka yote kumi na mbili. Kilo kumi na mbili hata mtoto anabeba. Bega haliwezi kutoka kwa kilo kumi na mbili. Ni hesabu hiyo, si mimi."

Akaondoka na funguo zake zikisema nyuma yake. Winchi akabaki ameshika sindano hewani. Kumi na mbili. Alilijua kopo la kilo kumi na mbili, alishinda nalo wiki mbili. Na mfuko unaotoka namba tatu aliujua miaka kumi na saba. Hawakuwa ndugu hao.

Akainuka, akaenda kuiangalia mizani. Mizani ya chumba cha kufulia iko pale mlango wa kuingilia, upande wa shuka chafu, na hapo karani hupima kila mfuko unapoingia. Unapoingia, ni mkavu. Unafuliwa, unatolewa ukiwa mbichi, unabebwa mpaka rafu ya kikaushio kilicho mwisho wa chumba, na hakuna mtu, tangu jengo lijengwe, aliyewahi kuurudisha mlangoni kuupima. Yale maji yote, ambayo wanawake wanne waliyabeba kifuani mifuko ishirini kwa siku, hayakuwamo popote. Kwa mujibu wa daftari, shuka zilikuwa zikifuliwa kavu.

Winchi alirudi kwenye stuli akiwa ametulia kabisa, na wenzake waliomjua wakaanza kuogopa.

Ijumaa saa nne asubuhi Muhuri alikuja na orodha yake na karani, ambaye alikuwa amenyolewa upya na hakutaka kumtazama mtu usoni.

"Kinyozi ameniambia," karani alimnong'oneza Winchi. "Kwamba ni shuka. Shuka mia tatu."

"Arobaini," alisema Winchi. "Yule mtu haponi."

"Hati," alisema Muhuri.

"Subiri, bwana. Mfuko huu hapa sakafuni karani ameupima asubuhi ulipoingia. Eti ulikuwa kilo ngapi?"

Karani akatazama daftari. "Kumi na mbili."

"Umetoka namba tatu sasa hivi. Jamani, mashoga zangu, mfuko huu usiende kwanza kwenye kikaushio. Uwekeni kwenye mizani."

Wanawake wawili wakaushika, wakauburuza ukiacha mkondo wa maji sakafuni, wakaupandisha. Mshale ukapita kumi na mbili bila salamu, ukapita ishirini, ukatikisika, ukasimama kwenye ishirini na saba.

Maji yakaendelea kudondoka kutoka kwenye mizani.

"Mizani mbovu," alisema Muhuri.

"Ndiyo iliyojaza daftari lote, bwana," alisema karani, na papo hapo akajuta.

Muhuri akavuta pumzi. "Haya, tuseme ni ishirini na saba. Umesema umepona. Nyanyua mpaka kwenye rafu, tuone bega. Ukiweza nitakurudisha leo hii, tusahau hati."

"Mnyanyulie, Winchi," alisema mwenzake mmoja. "Mzibe mdomo, shoga."

Na hapo ndipo palipokuwa pagumu. Mikono ilikwisha kutangulia. Vidole vya kulia viliushika mfuko kabla hajaviambia kitu, magoti yakakunjika yenyewe, na mgongo ukanyooka kwa mazoea ya miaka. Alijua angeweza. Au alijua nusu. Ishirini na saba, mbele ya yule bwana, mara moja tu, na mambo yangekwisha. Halafu akamwona akilini binti wa viungo na kile kisauti chake: mimi na wewe hatujuani. Miezi mitano ya makopo, kwa ajili ya kumfurahisha mtu aliyegonga muhuri breki mbovu.

Akauachia mfuko, akasimama.

"Sinyanyui."

"Kwa nini?"

"Kizito."

"Hicho ni kitu cha kazi, mama, si kizito."

"Basi nyanyua wewe," alisema Winchi, "kama si kizito."

Wanawake wanne walimgeukia Muhuri, na karani naye, ambaye alikumbatia daftari kifuani kama anayetazama mpira. Muhuri akavua koti. Akaweka funguo mezani. Akainama na kuukumbatia mfuko, akavuta, akatoa sauti ambayo kwa heshima ya familia yake hatutaieleza. Mfuko ulifika magotini. Hapo ukakamuliwa na kumbatio lile, maji yakamshukia kwenye suruali na kujaa ndani ya viatu, na ukateleza ukarudi sakafuni. Yeye akabaki ameinama kidogo, mkono mmoja kiunoni, akitazama ukuta kama mtu anayekumbuka jambo.

Simu ikalia. Chumba cha upasuaji kilikuwa kinataka shuka, na mfuko huo ndio uliokuwa na shuka zao. Wanawake hawakusogea. Walikuwa wamepata ghafla shughuli ya kutazama kucha zao.

Mwishowe Muhuri akashika pembe moja na karani akashika nyingine, wakaupeleka kwenye kikaushio kwa hatua fupifupi kama wabeba kabati.

"Andika, karani," alisema Winchi nyuma yao. "Mfuko mmoja, mbichi, ishirini na saba, watu wawili."

Jumatatu ukutani palikuwa na tangazo lenye mihuri miwili. Mifuko mibichi itajazwa nusu, na itabebwa na watu wawili. Fundi wa breki alikuja Jumanne, akakaa dakika ishirini, akamaliza kazi iliyosubiri mwaka mzima. Winchi alirudishwa namba tatu. Samahani haikutajwa na mtu. Kuhusu fomu ya ajali, karani alieleza kwa uchungu kwamba kilichogongwa muhuri hakifutiki, kwa hiyo zile themanini zimebaki pale mpaka leo, nje ya saa za kazi, na Winchi akizikumbuka huwa anakung'uta shuka mpaka zinalia.

"Na ile hati ya ahadi?" Muhuri alimuuliza siku hiyo, akipita mbali kidogo na maji. "Inatakiwa irudi kwenye faili hata kama haina sahihi."

"Bado naijaza," alisema Winchi.

Jioni ya Alhamisi jua lilikuwa bado liko juu ya ukuta wa ua wa Fundi Zege. Binti wa viungo alikuwa amesema: sasa, juu. Wabeba magunia na mlinzi wa benki walisogea pembeni, na kinyozi, aliyefunga kibanda mapema na kuja bila kualikwa, alisimama karibu na ndoo ya mchanga akijaribu kuonekana mdogo. Winchi akashika bomba lenye makopo mawili ya kumi. Akalileta kifuani. Akasubiri kile kitu cha mlangoni, kile cha mtu kuwamo ndani. Hakikuja, au kilikuja kikakuta mwenye nyumba. Akasukuma. Mikono ikanyooka, na kwa kitambo kifupi hakukuwa na binadamu anayeweza kumtuma kitu.

Akalishusha polepole, kama alivyofundishwa.

"Ngapi hiyo?" aliuliza kinyozi.

"Ishirini."

"Nikiwaambia wateja ishirini na tano?"

"Waambie ishirini."

Kinyozi akafikiri. "Ishirini na mbili?"

Winchi alitoa karatasi mkobani, akaiweka juu ya tofali, akaandika ishirini chini ya kumi na saba, nyuma ya ahadi ya kuacha mara moja na kabisa. Zilibaki ishirini kufika alipokuwa, na sitini kufika alipoandikwa.